Kisigino, Kitovu na Kivuli: Taswira za Achilles na Majagina wa Kwetu

Utangulizi

Mtahiniwa wa Kiswahili anapoulizwa ataje sifa za jagina wa mighani, jibu huja upesi: ana nguvu zisizo za kawaida, huipigania jamii yake, na ana siri ya udhaifu ambayo hatimaye humwangamiza. Mifano nayo ni ile ile. Luanda Magere aliuawa kupitia kivuli chake. Fumo Liyongo alidungwa sindano ya shaba kitovuni. Baadhi ya walimu huongeza Achilles wa Wayunani na kisigino chake. Alama hupatikana, na somo huishia hapo.

Makala haya yanadai kuwa hapo ndipo somo lingepaswa kuanza. Mahali pa udhaifu wa jagina ni uamuzi wa msanii. Kuna aliyeamua uwe kisiginoni, mwingine kitovuni, mwingine kivulini. Kila mmoja aliamua hivyo katika wakati wake na kwa hadhira yake, na mara nyingi alipoamua mahali pa udhaifu aliamua pia nani atakayelaumiwa. Historia ya taswira za Achilles inalidhihirisha jambo hili kwa sababu imehifadhiwa katika mitungi, picha na sanamu kwa zaidi ya miaka 2500. Tutaipitia historia hiyo kwanza. Kisha tutatazama Pate na Kano, na hatimaye tutafika Homa Bay na Migori, ambako mwalimu anayefundisha mighani hizi ana jambo zito la kuzingatia kuliko alama za mtihani.

Achilles wa Homer hana kisigino

Watahiniwa wengi huandika kwamba kisigino cha Achilles kimesimuliwa katika Iliad. Hakimo. Utenzi huo wa vitabu 24 unasimulia majuma machache tu ya mwaka wa kumi wa vita vya Troia. Achilles anamkasirikia mfalme Agamemnon aliyemnyang'anya mateka wake Briseis, anajitenga na vita, kisha anarejea baada ya rafiki yake Patroclus kuuawa na Hector. Utenzi unakoma kwa mazishi ya Hector. Kifo cha Achilles mwenyewe kinatabiriwa humo, lakini hakisimuliwi.

Aidha, Achilles huyo hana mwili usiopenya silaha. Katika kitabu cha 21, mpiganaji Asteropaeus anarusha mikuki miwili kwa pamoja, na mmoja unamkwaruza Achilles mkononi hadi damu inatoka. Homer anamchora mtu wa nyama na damu kama wenzake. Udhaifu wake umo ndani: ni hasira, na baada ya hasira ni huzuni. Mama yake Thetis ni mungu wa baharini, lakini mtoto ni mwanadamu anayejua kwamba akibaki Troia atafia huko. Ushujaa wake umo katika kuijua ajali hiyo na kuichagua. Lau angekuwa na ngozi isiyopenyeka, uchaguzi huo ungepoteza uzito wake.

Hii ndiyo hoja ya kwanza ambayo mwalimu anaweza kuitoa darasani. Sifa tunayoiona kuwa ya lazima kwa Achilles haimo katika kazi yake maarufu zaidi. Iliingia kupitia milango mingine, na mmoja wa milango hiyo ni sanaa ya uchoraji.

Uso wa nani unaonekana?

Wafinyanzi wa Athens katika karne ya 6 K.K. walimpenda Achilles mno. Stadi mkubwa kati yao alikuwa Exekias, aliyefanya kazi mnamo 540 hadi 530 K.K. Kazi zake mbili zinatufaa hapa.

Ya kwanza ni mtungi ulioko Vatikani. Achilles na mwenzake Ajax wameketi wakicheza dadu, mikuki ikiwa begani. Maneno yaliyoandikwa karibu na vinywa vyao yanaonyesha matokeo: Achilles ana nne, Ajax ana tatu. Hakuna vita wala damu. Lakini mtazamaji wa Athens alijua kwamba wote wawili watakufa kabla ya Troia kuanguka, na kwa hiyo mchezo huo wa bahati ulimgusa. Msanii ameonyesha mauti bila kuyachora.

Ya pili iko British Museum mjini London. Achilles anamuua Penthesilea, malkia wa Waamazoni waliokuja kuisaidia Troia. Amesimama juu yake na mkuki umemfikia shingoni. Itazame picha hii kwa makini. Kofia ya chuma ya Achilles imeteremshwa, na uso wake wote umefichwa isipokuwa jicho. Kofia ya Penthesilea imesukumwa nyuma, na uso wake mweupe uko wazi. Macho yao yanakutana. Kwa mujibu wa masimulizi ya kale, Achilles alimpenda wakati ule ule alipokuwa akimuua.

Exekias alikuwa Myunani na hadhira yake ya kwanza ilikuwa ya Wayunani. Penthesilea alikuwa adui, mgeni, na mwanamke aliyeshika silaha. Hata hivyo uso aliotuonyesha ni wa huyo adui. Kwa uamuzi huo mmoja wa ufundi, mtazamaji analazimika kumwona mgeni kama mtu. Tutalikumbuka jambo hili tutakapofika kwa Luanda Magere.

Kazi ya tatu ni kikombe bapa cha mvinyo kilichotiwa saini na Sosias mnamo 500 K.K., ambacho kiko Berlin. Humo Achilles anamfunga Patroclus kidonda cha mkono. Patroclus amegeuza uso kwa maumivu. Jagina anayeogopwa katika Iliad anaonekana hapa akiwa mwuguzi makini, ameinama juu ya mkono wa rafiki. Mhusika ni yule yule, ila msanii ameamua tumwone katika kazi tofauti.

Kisigino kilivyoingia

Kulikuwa na mtungi mwingine wa karne ya 6 K.K., wa mtindo uitwao wa Kikalkidi, ambao umepotea na ambao tunaujua kwa mchoro wake uliosalia. Ulionyesha vita vya kugombania maiti ya Achilles, na mshale umemchoma kwenye kifundo cha mguu. Kwa hiyo mguu ulihusishwa na kifo chake mapema sana. Hata hivyo, picha hiyo haisemi kwamba mwili uliobaki ulikuwa na kinga. Inaonyesha mshale mguuni tu.

Ufafanuzi ulikuja baadaye, katika maandishi ya Kirumi. Mshairi Statius, mwishoni mwa karne ya 1 B.K., alianza utenzi juu ya maisha ya Achilles ambao hakuumaliza. Humo Thetis anataja kwamba alimtumbukiza mwanawe katika mto Styx wa kuzimu, na anatamani kwamba kinga hiyo ingemwenea mwili mzima. Waandishi wengine wa Kilatini wakataja wazi kisigino, pale mama aliposhika. Kutoka kwa Homer hadi hapo ni zaidi ya miaka 700.

Sasa angalia kilichobadilika. Katika Iliad, Achilles anakufa kwa sababu ya uchaguzi wake. Katika masimulizi ya mto Styx, anakufa kwa sababu ya mkono wa mama. Upendo wa Thetis unakuwa chanzo cha tundu katika ngao. Tangu hapo wasanii wa Ulaya walilishika tukio hilo. Peter Paul Rubens, katika miaka ya 1630 hadi 1635, alibuni picha za maisha ya Achilles kwa ajili ya mazulia ya ukutani, na mojawapo inamwonyesha Thetis akimzamisha mtoto kichwa chini, amemshika mguu. Mnamo 1884 Ernst Herter alichonga Achilles akifa, akijaribu kuung'oa mshale kisiginoni. Sanamu hiyo iko katika kasri la Achilleion kisiwani Corfu. Mtu anayeitazama leo hudhani anamwona Achilles wa Homer. Kwa kweli anaona tabaka la mwisho la historia ndefu.

Kitovu cha Liyongo

Katika pwani yetu, mfano ulio karibu zaidi na Achilles ni Fumo Liyongo. Masimulizi yake yalikuwa ya kale wakati Muhammad Kijumwa wa Lamu alipoyatungia utenzi wake maarufu mnamo 1913. Tunachokisoma shuleni, kwa hiyo, ni taswira ya mapema karne ya 20 ya jagina wa karne nyingi nyuma.

Katika utenzi huo, Liyongo anaoa kwa Wagala na kupata mtoto wa kiume. Sultani wa Pate anamwogopa. Njama ya kumpiga mishale juu ya mkoma inashindikana, kwani Liyongo anayaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Gereza nalo linashindikana, kwani Saada anamletea tupa ndani ya mkate. Ndipo sultani anapomhadaa yule mtoto kwa ahadi ya cheo na binti. Mtoto anamwuliza baba siri yake. Baba anatambua kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni.

Kitovu ni kovu la kuunganishwa na mama, ni alama ya uzazi. Msimulizi aliyeuweka udhaifu hapo alitaka kusema kwamba jagina huyu anaangamizwa kupitia ukoo wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbuka pia ambaye halaumiwi: mama wa mtoto ni Mgala, mgeni kwa watu wa Pate, lakini utenzi haumbebeshi usaliti. Lawama ni ya sultani aliyepanga na mtoto aliyetekeleza. Hata mauti ya Liyongo yamechorwa kama sanamu: anapiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai.

Kithaka wa Mberia aliichukua taswira hiyo katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001), iliyowahi kutahiniwa katika KCSE. Mwelusi anapambana na utawala wa Bokono katika nchi ya Butangi, na anayemuua ni Gege, jamaa yake. Udhaifu umehamishwa tena. Katika tamthilia hii hautokani na umbile la jagina; unatokana na tamaa ya mtu wa karibu katika jamii yenye uongozi mbaya. Mwandishi wa 2001 alihitaji udhaifu ambao wananchi wanaweza kuurekebisha.

Kivuli cha Magere

Luanda Magere anasimuliwa kuwa wa Sidho, katika nchi ya Kano, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kisumu. Mwili wake ulikuwa wa jiwe. Mikuki ya Lang'o, yaani Wanandi, iligonga na kupinda. Waliposhindwa kwa silaha wakampa msichana wao mrembo awe mkewe. Wazee wakamwonya asimwoe, akawapuuza. Siku moja akaugua, akamwomba mke huyo amchanje dawa, lakini akamwambia achanje kivuli. Mke akachanja, damu ikatoka. Akatoroka usiku akaipeleka siri kwao. Katika vita vilivyofuata, mkuki ulirushwa kwenye kivuli. Magere akaanguka, akageuka jiwe. Wawindaji husemekana kunolea mikuki yao juu ya jiwe hilo ili wapate bahati.

Kisanaa, kivuli ni chaguo la ajabu. Mchongaji kama Herter asingeweza kukichonga. Ni udhaifu unaofaa sanaa ya sauti, kwa kuwa msikilizaji hukiona akilini mara moja, na akitoka nje mchana anakiona chake. Isitoshe, kivuli ni kitu ambacho mtu hawezi kukiacha nyumbani anapokwenda vitani. Ni nafsi yake ya pili, iliyo wazi kwa kila anayemkaribia.

Lakini tujiulize swali tuliloliuliza mbele ya mtungi wa Exekias: uso wa nani unaonekana? Wa Magere unaonekana. Wa mke hauonekani. Katika matoleo mengi yanayofundishwa hana hata jina. Ni "msichana wa Kinandi". Hatuambiwi alihisi nini alipotolewa kwao kama chambo, wala kama aliulizwa. Pia hatuelezwi kwa nini mtu aliyeonywa na wazee hahesabiwi kuwa na sehemu katika kuanguka kwake. Mtahiniwa huandika: "Mighani hii inatufunza tusiwaamini wageni" au "inatufunza hatari ya wanawake." Hayo ni mafunzo aliyoyachota katika mkondo mmoja wa usimulizi, naye huyaandika kana kwamba ni sheria ya fasihi.

Homa Bay na Migori

Hili si suala la nadharia tu. Darasa la Migori huweza kuwa na Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya na Wakisii kwa pamoja. Homa Bay ina Wajaluo na Wasuba ambao wameoana kwa vizazi. Familia nyingi zina mama au nyanya aliyetoka jamii jirani. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hakuna mwalimu anayeweza kusema kwamba masimulizi juu ya mke msaliti kutoka kabila jingine ni burudani isiyo na madhara. Mwanafunzi ambaye mama yake ni wa jamii hiyo anasikiliza naye.

Dawa haimo katika kuifuta mighani. Imo katika kuiweka kando ya nyingine za eneo lilo hilo. Ya kwanza ni ya Nyamgondho wuod Ombare, inayosimuliwa Gwassi katika Homa Bay. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja mtego wake ulinasa mwanamke mzee. Alimchukua nyumbani, na kwa baraka za mwanamke huyo akapata mifugo tele. Utajiri ukamlevya. Akarudi usiku amelewa pombe, akamtukana kwamba yeye ni kitu cha kuokotwa ziwani. Mwanamke akainuka, akaelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake ufukweni hadi akageuka mti. Huko Nyandiwa, nyayo zilizomo mwambani husemekana kuwa za mifugo hiyo.

Hapa mambo yamepinduliwa. Mwanamke mgeni ndiye chanzo cha heri, na ndiye anayesalitiwa. Udhaifu wa mwanamume hauko kisiginoni, kitovuni wala kivulini. Uko ulimini mwake. Ulimi unauma kuliko meno, na mara hii ulimuuma mwenyewe. Karibu na Kendu Bay, ziwa dogo la Simbi Nyaima nalo linasimuliwa kuwa kijiji kilichozama kwa kumnyima kikongwe mgeni makao. Masimulizi yote mawili yanamwadhibu anayemdhalilisha mgeni.

Ya tatu ni ya Gor Mahia wa Kanyamwa, Ndhiwa, aliyeishi hadi zama za Waingereza. Masimulizi yanamchora kama mtu wa kubadilika: mara mzee, mara mtoto, mara mnyama. Mtu asiye na umbo moja hana mahali pamoja pa kudungwa. Jina lake lilipopewa klabu ya kandanda mnamo 1968, taswira yake iliingia katika nyimbo za mashabiki na rangi za jezi, na leo vijana wengi humjua kwanza kwa njia hiyo.

Eneo hili linatupa pia funzo kuhusu vyombo vya sanaa. Michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga kisiwani Mfangano ni ya duara na mizunguko kwa rangi nyekundu na nyeupe; haina majagina. Wahusika wa masimulizi wa kanda ya ziwa wamehifadhiwa kwa njia nyingine: jiwe, nyayo, mti, maji. Kwa Wayunani mtazamaji alibeba taswira mkononi kama mtungi au kikombe. Kwetu anaiendea kwa miguu.

Huko Migori, Thimlich Ohinga, iliyojengwa yapata karne ya 16 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo 2018, haitaji jagina yeyote. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Waliozijenga walijua kwamba udhaifu wa ukuta ni mlango, wakaifanya milango kuwa finyu na mifupi ili aingiaye ainame. Vilevile eneo hilo lilikaliwa na jamii mbalimbali kwa kupokezana, kila moja ikikarabati kuta ilizozikuta. Katika kitabu cha mawe kama hicho, ulinzi ni kazi ya wengi, na mgeni wa jana ni mkarabati wa leo.

Darasani

Mwalimu anaweza kuyatumia haya bila kuongeza vipindi. Kila mighani inaposomwa, wanafunzi waulizwe maswali manne. Udhaifu umewekwa wapi? Toleo hili ni la nani na la lini? Nani analaumiwa, na nani angeweza kulaumiwa? Uso wa nani umefichwa? Kazi ya nyanjani nayo iwe ya kukusanya matoleo mawili ya mighani moja kutoka kwa wasimulizi wawili, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, na kuyalinganisha. Mtahiniwa aliyefanya zoezi hilo hatasema tena "mighani inatufunza" kana kwamba mighani ina kinywa kimoja.

Hitimisho

Achilles alianza akiwa mtu anayejeruhika na kuishia akiwa mwili wa chuma wenye tundu moja. Mabadiliko hayo yaliletwa na watu waliokuwa na sababu zao. Liyongo alihamishwa kutoka utenzini hadi jukwaani, na udhaifu wake ukahama pamoja naye. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Luanda Magere pekee ndiye aliyekamilika siku alipogeuka jiwe. Bado anasimuliwa, na miongoni mwa wanaomsimulia leo ni walimu wa Kiswahili. Exekias alikuwa na mtungi mmoja, akaamua uso wa adui uonekane. Mwalimu wa Migori na Homa Bay ana kipindi cha dakika 40, na uamuzi kama huo uko mikononi mwake.

Maswali ya kujadili

1. "Mahali pa udhaifu wa jagina ni uamuzi wa msanii." Thibitisha kwa kurejelea Fumo Liyongo na Luanda Magere.

2. Linganisha taswira ya mwanamke mgeni katika mighani ya Luanda Magere na ile ya Nyamgondho.

3. Simulia upya tukio la kuchanjwa kwa kivuli kutokana na mtazamo wa mke wa Magere. Kisha eleza ni mafunzo gani yaliyobadilika.